"Muganga, moyo inaniuma": namna ya kutaja viungo vya mwili ili mgonjwa asikilizwe vizuri

Chukua mfano huu. Ni asubuhi kwenye kituo cha afya, hapa Kalemie. Mama mwenye mimba ya miezi minane ameketi mbele ya muganga. Anaulizwa: "Mama, unaumwa wapi?" Anajibu: "Muganga, moyo inaniuma tangu jana jioni, na kichwa pia." Muganga ni kijana, ametoka masomo juzi. Anachukua chombo cha kusikilizia, anakiweka kifuani upande wa kushoto. Moyo unapiga vizuri. Yuko karibu kumwandikia dawa ya kichwa na kumrudisha nyumbani. Lakini muzalishaji mmoja wa siku nyingi, anayesimama pembeni, anamwambia yule mama: "Mama yangu, onyesha na kidole." Mama anaweka kidole katikati, chini ya mfupa wa kifua, juu ya kitovu. Muzalishaji hangoji: "Pima tansio."

Mama hakusema uongo. Kwa Kiswahili cha kila siku, watu wengi wa Tanganyika wakisema "moyo" wanataka kusema pale pale alipoweka kidole. Muganga naye hakukosea masomo yake. Kwake moyo ni ile nyama inayosukuma damu. Wote wawili walikuwa na haki, lakini hawakuwa wanazungumza juu ya kitu kimoja. Na kwa mama mwenye mimba kubwa, maumivu ya mahali pale, pamoja na kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, yanaweza kuwa dalili ya tansio ya mimba, ugonjwa unaoleta degedege na unaoweza kuua mama na mtoto.

Kwa hiyo majina ya viungo vya mwili hayako tu kazi ya wanafunzi wa shule. Yanaweza kuamua kama mtu atatibiwa leo au atarudishwa nyumbani.

Lugha mbili ndani ya chumba kimoja

Katiba ya mwaka 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi ya Kongo, na inataja lugha 4 za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiciluba. Waganga wanasoma kwa Kifaransa, tangu shule za ITM mpaka kwenye vyuo vikuu. Wanaandika kwa Kifaransa kwenye fishi ya mgonjwa, kwenye bon ya labo na kwenye ordonansi. Lakini mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa Kiswahili, na mara nyingi Kiswahili chenyewe ni lugha yake ya pili. Ndani ya jimbo hili, lenye territoire 6 na zoni za afya 11, watu wanazungumza pia Kiluba, Kitabwa, Kiholoholo, Kibembe na zingine. Tangu vita vya Nyunzu na Manono, wengi waliokimbia walikuja kuishi pembeni ya mji wa Kalemie, wakaja na maneno yao.

Ongeza wasafiri wa ziwa. Mfanyabiashara wa Kigoma akishuka kwenye boti na kuugua, anaweza kushangaa akisikia watu wanamwambia "nenda kwa muganga". Kwao mganga ni mtu wa dawa za miti. Hapa muganga ni yule wa hospitali, mwenye blauzi nyeupe.

Basi neno moja linatoka kinywani mwa mgonjwa, linapita katika Kiswahili, linaingia katika Kifaransa, kisha linarudi kwa mgonjwa kama jina la ugonjwa. Kila mara linapopita, linaweza kupoteza kitu njiani.

Moyo, roho na chembe cha moyo

Moyo wenyewe ni nyama ya nguvu, ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenye nao. Uko katikati ya kifua, kati ya mapafu mawili, ncha yake imeelekea kushoto. Mtu mzima akipumzika, unapiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kazi yake ni kusukuma damu, ambayo kwa mtu mzima ni karibu lita 5.

Lakini moyo wa maneno ni mpana kuliko moyo wa nyama. Mtu akikasirika, moyo unamchemka. Akihuzunika, roho inamuuma. Akitaka kutapika, roho inachafuka. Akila pondu yenye pilipili nyingi, moyo unamwaka moto. Hayo yote hayahusu ile nyama ya kifuani, hata moja.

Na si Kiswahili peke yake. Mfaransa anayesema "j'ai mal au cœur" anataka kusema kwamba anasikia kutapika. Hata waganga wa zamani walifanya vile vile: mlango wa juu wa tumbo la chakula, pale chakula kinapoingia, wanauita mpaka leo "cardia", neno la Kigiriki la moyo, kwa sababu uko karibu na moyo. Kwa hiyo mama wa Kalemie anayeonyesha tumbo na kusema "moyo" hana ujinga wowote. Anafanya kile ambacho lugha nyingi za dunia zinafanya.

Kiswahili tayari kina neno la kusaidia. Pale chini ya mfupa wa kifua, mahali palipoingia ndani kidogo, panaitwa chembe cha moyo. Kwenye fishi, muganga ataandika "épigastre", maana yake juu ya tumbo. Mtu akisema "chembe cha moyo kinaniuma" na kuweka kidole, nusu ya kazi imekwisha. Pale panaweza kuwa na kidonda cha tumbo. Panaweza kuwa na asidi inayopanda. Kwa mwenye mimba, panaweza kuwa na tansio. Na kwa mtu mzima mwenye tansio au sukari, maumivu ya pale, pamoja na jasho baridi na kukosa pumzi, yanaweza kutoka kwenye moyo wenyewe. Ndiyo sababu kidole peke yake hakitoshi. Inaomba mgonjwa aseme pia yameanza lini na yanakuja na nini.

Ramani ya tumbo

"Tumbo inaniuma" ni sentensi inayosikika sana kwenye vituo vya afya, na ndiyo inayoeleza kidogo zaidi. Ndani ya tumbo kuna viungo vingi. Na neno "tumbo" lenyewe linabeba maana tatu: sehemu yote kutoka mbavu mpaka kiunoni, mfuko unaopokea chakula, na pia mimba, kwa kuwa watu wanasema "tumbo ya miezi saba".

Waganga wanagawanya tumbo kama shamba. Wanapiga mstari mmoja kutoka juu mpaka chini na mwingine wa kulala, yote miwili inapita kwenye kitovu. Vinapatikana vipande 4. Kulia na kushoto hapa ni vya mgonjwa mwenyewe, haviko vya yule anayemtazama.

Juu kulia, chini ya mbavu, kuna ini. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Linachuja sumu, linatengeneza nyongo, linaweka akiba ya sukari. Likiugua, mara nyingi macho yanakuwa ya manjano na mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Kwenye fishi wataandika "foie".

Juu kushoto, nyuma ya mbavu, kuna bandama, ambayo wengine wanaita wengu. Kifaransa chake ni "rate". Kwa mtu mwenye afya, mkono hauigusi. Lakini mtoto anayepata malaria mara kwa mara, bandama yake inavimba mpaka mzazi anaisikia chini ya mbavu kama kitu kigumu. Bandama iliyovimba inapasuka upesi. Mtoto kama huyo akianguka, au akipigwa upande wa kushoto, kisha akawa mweupe midomoni na kulegea, damu inaweza kuwa inamwagika ndani bila kuonekana nje.

Chini kulia, mwanzoni mwa utumbo mkubwa, kuna kidole tumbo, kijimkia kisichozidi kidole cha mtu. Kikivimba, maumivu mara nyingi yanaanzia kwenye kitovu, kisha yanashuka kulia na kukaa pale. Mtu anakataa chakula, homa inapanda, kutembea kunamuuma. Kwenye fishi zinaandikwa herufi "FID", ambazo ni ufupi wa Kifaransa wa mahali pale, chini kulia. Ugonjwa wenyewe ni "appendicite". Mtu mwenye dalili hizo hapaswi kupewa dawa ya kuhara wala kusafishwa tumbo kwa dawa ya kupitisha nyuma. Kidole tumbo kikipasuka, usaha unaenea tumboni mwote.

Chini kushoto kuna mwisho wa utumbo mkubwa. Na katikati, kuzunguka kitovu, umejikunja utumbo mdogo, ambao kwa mtu mzima ukinyooshwa una karibu mita 6. Hapo ndipo chakula kinapoingia kwenye damu.

Hapo pia ndipo kolera inapofanya kazi, ugonjwa ambao wakaaji wa Kalemie na wa kando yote ya ziwa wanaujua, kwa maana unarudi mwaka kwa mwaka. Lakini kolera inaharibu kanuni ya kidole. Mara nyingi hailetei mtu maumivu makali, wala homa. Inafungua maji tu. Mtu anahara maji yanayofanana na maji ya mchele, na akizidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Anayengoja maumivu ili ajue kama ni kitu cha hatari, anaweza kufa bila maumivu hayo kufika. Kwa kolera, neno la kumwambia muganga ni hesabu: nimehara mara ngapi tangu saa ngapi, na mara ya mwisho nimekojoa lini. Njiani, mgonjwa anywe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi.

Figo haziko kiunoni

Mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha, au mama aliyebeba gunia la makala, akiamka asubuhi na kiuno kimekaza, atasema: "Mafigo inaniuma." Mfaransa pia anasema "mal aux reins", yaani maumivu ya figo, na anataka kusema kiuno. Hapa tena lugha mbili zimepotea pamoja.

Figo ni mbili, kila moja ina urefu wa karibu sentimita 11, umbo lake ni la punje ya maharagwe. Ziko nyuma, juu kuliko watu wengi wanavyofikiri, na mbavu za mwisho zinafunika sehemu yake. Zinachuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo unashuka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu, kilicho chini mbele.

Maumivu ya kiuno yanayozidi mtu akiinama na kupungua akilala, kwa kawaida ni ya nyama na mifupa ya mgongo. Maumivu ya nyuma chini ya mbavu, upande mmoja, pamoja na homa, baridi ya kutetemesha au mkojo unaochoma, hayo ndiyo yanayoelekea kwenye figo. Tofauti ina bei yake: kuna watu wanaomeza dawa "za kusafisha figo" mwezi baada ya mwezi, kumbe figo zao ni nzima. Na baadhi ya vidonge vya maumivu, vikimezwa sana bila kipimo, ndivyo vinavyoharibu figo zilizokuwa nzima.

Neno "mshipa" na neno "mkono"

Hakuna neno linalowasumbua waganga wapya kama "mshipa". Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni pia neva, ile kamba inayopeleka habari kutoka kwenye ubongo. Wengine wanaita mshipa ile kamba ngumu inayoshika nyama kwenye mfupa. Na kwa wanaume wengi, "niko na mshipa" ni kusema kwamba kuna uvimbe kwenye kinena au korodani zimevimba.

Muganga aliyesoma kwa Kifaransa ana maneno tofauti kwa vitu hivyo vyote: "artère" na "veine" kwa damu, "nerf" kwa neva, "tendon" kwa kamba ya nyama, "hernie" kwa utumbo uliopenya na kuleta uvimbe kinenani. Kwa huo wa mwisho, haya ya mwanaume inaweza kumgharimu. Uvimbe wa kinena ambao kila siku unarudi ndani mtu akilala, lakini leo umekaza, unauma, hauingii tena, na mtu anaanza kutapika: hapo utumbo umenyongwa. Ni jambo la operasio siku hiyo hiyo, halingoji wiki kesho.

"Mkono" na "mguu" nayo ni maneno mapana. Kwa Kiswahili, mkono unaanzia begani mpaka kwenye kucha. Kifaransa kinakata vipande viwili: "bras" na "main". Mguu vile vile: "jambe" na "pied". Mtu akianguka na taxi-moto na kusema "mguu imevunjika", atapelekwa kupiga picha, lakini picha ya wapi? Kiswahili kina maneno yote ya kutosha: bega, kiwiko, kiganja, nyonga, paja, goti, muundi, kifundo, kisigino, unyayo. Yakitumika, mgonjwa hatalipa picha mbili kwa mfupa mmoja. Na picha yenyewe, kwenye karatasi, inaitwa "radio". Haihusiani na ile ya kusikiliza habari.

"Huko chini"

Kuna sehemu ambazo watu hawazitaji. Mama anasema "huko chini", "upande wa mama", "mahali pa siri". Adabu hiyo ni nzuri sebuleni na mbele ya watoto. Ndani ya chumba cha muganga, mlango ukiwa umefungwa, inaweza kuficha hatari.

"Huko chini" inaweza kuwa kibofu. Inaweza kuwa uke, yaani njia ya uzazi. Inaweza kuwa kizazi, ule mfuko unaobeba mtoto, ambao bila mimba ni mdogo kama avoka dogo lililogeuzwa, urefu wake sentimita 7 au 8. Inaweza kuwa mirija inayotoka kwenye kizazi kulia na kushoto, au ovari zinazotoa mayai.

Mwanamke ambaye siku zake zimechelewa, kisha akasikia maumivu makali chini upande mmoja, na kizunguzungu, na damu kidogo, anaweza kuwa na mimba iliyojishikiza nje ya kizazi, kwenye mrija. Mrija ukipasuka, ni jambo la masaa. Swali la muganga, "mara ya mwisho umeona siku zako lini?", ambalo kwenye fishi linaandikwa "DDR", halitoki kwenye udadisi. Linaokoa maisha, hata kama jibu linaleta haya.

Mwanamke ambaye mkojo au choo vinamtoka bila kujizuia tangu uzazi mgumu, ana tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu au utumbo. Ugonjwa huo unaitwa fistula. Hautokani na uchawi wala laana, na unatibiwa kwa operasio. Na mtu aliyefanyiwa ubakaji, awe mwanamke, mwanaume au mtoto, anapaswa kufika kwa muganga kabla ya masaa 72 kupita, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafanya kazi ikianza ndani ya muda huo. Akishindwa kutaja mahali, aonyeshe kwa kidole, au aombe kuzungumza na mwanamke mwenziwe. Ni haki yake.

Kusoma karatasi ya muganga

Majina ya magonjwa yanaonekana magumu, lakini mengi yamejengwa kama nyumba za matofali. Matofali ni yale yale, yanapangwa tu kwa namna tofauti. Yalitoka kwenye Kigiriki na Kilatini, yakapita kwenye Kifaransa.

Tofali la mbele mara nyingi linataja kiungo: "gastro" ni tumbo la chakula, "hépato" ni ini, "entéro" ni utumbo, "néphro" ni figo, "cysto" ni kibofu, "cardio" ni moyo, "pneumo" ni pafu, "hystéro" ni kizazi.

Tofali la mwisho linasema kuna nini. Neno likiishia na "ite", kiungo kimevimba na kuwaka: "gastrite" ni tumbo, "hépatite" ni ini, "cystite" ni kibofu, "otite" ni sikio, "méningite" ni ngozi inayofunika ubongo na uti wa mgongo. Jina hilo halisemi nani ameleta uvimbe, mdudu au kitu kingine, kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza. Neno likiishia na "émie", ni jambo la damu: "anémie" ni upungufu wa damu, "glycémie" ni sukari ndani ya damu. Likianza na "hyper", kitu kimezidi. Likianza na "hypo", kimepungua.

La kutazama sana ni "ectomie". Maana yake ni kukata na kuondoa. "Appendicectomie" ni kuondoa kidole tumbo. "Hystérectomie" ni kuondoa kizazi, na mama aliyefanyiwa hivyo hatapata mimba tena. "Césarienne" ni kitu kingine: tumbo linafunguliwa, mtoto anatolewa, kizazi kinashonwa na kubaki. Familia inayoletewa karatasi ya kutia sahihi kabla ya operasio inapaswa kujua ni neno gani limeandikwa pale. Wakati mwingine kuondoa kizazi ndiyo njia pekee ya kumwokoa mama anayemwaga damu. Lakini afadhali familia isikie hivyo kwa Kiswahili kabla ya sahihi, kuliko mama kugundua miaka miwili baadaye kwa nini hapati mtoto.

Kuna pia herufi fupi. "TA" ni tansio. Ikiandikwa 14/9 au 140/90, ni kitu kimoja, ni namna mbili za kuandika, na ndipo tansio inapoanza kuhesabiwa kuwa imepanda. "GE" ni lile tone la damu la kutafuta malaria. "TDR" ni kipimo cha haraka. "Hb" inaonyesha kiasi cha damu. "RAS" maana yake hakuna la kutaja, na hiyo ni habari nzuri.

Kabla ya kutoka kwenye chumba

Mgonjwa hahitaji kujua Kifaransa ili atibiwe vizuri. Anahitaji kubeba habari 5: mahali, kwa kidole kimoja; siku na saa maumivu yalipoanza; kama yanakaa pale au yanatembea; yanakuja na nini, homa, kutapika, damu au kizunguzungu; na dawa zote alizokwisha kumeza, pamoja na zile za miti. Hiyo ya mwisho wengi wanaificha kwa kuogopa kugombezwa. Kuificha ni hatari kuliko kugombezwa.

Kwa mtoto, mzazi anaeleza anachoona: amekojoa mara ngapi, ananyonya au hapana, anavuta pumzi namna gani. Kwa mzee au mgeni asiyejua Kiswahili, atafutwe mtu wa lugha yake. Mtoto mdogo asifanywe mkalimani wa magonjwa ya mama yake.

Kisha kuna maswali 3 ya kuuliza, kwa heshima, bila kuogopa: Muganga, ugonjwa huu unaitwaje kwa Kiswahili? Uko kwenye kiungo gani? Nikiona dalili gani nirudi mbio? Wenye kazi kubwa hapa ni pia reko wa mitaa, wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Wakizoea kusema "chembe cha moyo", "kidole tumbo" na "kibofu", maneno hayo yatafika kwenye benchi la kituo kabla ya mgonjwa.

Na njia ya mwisho haitaki pesa. Muganga akimaliza kueleza, mgonjwa arudilie kwa maneno yake mwenyewe alichosikia: "Kwa hiyo, muganga, ini yangu ndiyo iko na shida, nimeze hii asubuhi na jioni, macho ikizidi kuwa manjano nirudi." Kama amekosea, muganga atamrekebisha pale pale, kabla hajafika kwenye mlango.